Karani wa Bonde: Martin Kayamba, kabla ya TANU na kabla ya Nyerere

Wadau, nianze na chemsha bongo. Mwaka 1931 Waafrika watatu kutoka Tanganyika walikaa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mjini London, wakaulizwa maswali kuhusu hatma ya nchi yao. Wataje. Haya, taja hata mmoja.

Nimeuliza swali hili kwenye chumba cha habari ninakofanyia kazi, mahali penye watu wenye digrii zao na wengine mbili mbili. Jibu la kwanza lilikuwa Nyerere. Jamani, mwaka 1931 Nyerere alikuwa mtoto wa miaka tisa huko Butiama, hata shule hajaanza. Jibu la pili lilikuwa "labda machifu fulani". Hapo angalau tulikaribia, kwa sababu mmoja alikuwa chifu kweli: Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Wa pili alikuwa Francis Lwamgira wa Bukoba. Wa tatu hakuwa chifu. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa Bonde, wilaya ambayo leo tunaiita Muheza. Jina lake Martin Kayamba.

Ukipita Muheza na basi la Tanga, unachokumbuka ni machungwa. Vijana wanayaning'iniza madirishani kwenye nyavu, unanunua, unamenya, safari inaendelea. Kulia kwako mashamba ya mkonge, kushoto milima ya Usambara Mashariki na Amani yake. Hakuna bango linalokwambia kwamba hapa ndipo ilipo asili ya mtu aliyeanzisha moja ya vyama vya kwanza vya Waafrika katika nchi hii. Sisi tumezoea historia ya siasa ya Tanganyika inayoanza saa moja asubuhi ya Julai 7, 1954. Kilichotangulia tunakipa aya moja, tena ya kukimbia.

Sasa tuanze mwanzo. Kayamba alizaliwa mwaka 1891, na hakuzaliwa Bonde bali Mbweni, Unguja. Hilo peke yake linahitaji maelezo.

Upande wa baba alikuwa wa ukoo wa Wakilindi. Wanaotoka Lushoto hawahitaji kuambiwa Wakilindi ni nani. Ni ukoo wa Mbegha, ulioitawala Usambara kutokea Vugha, na chini ya Kimweri ye Nyumbai himaya ile ilishuka kutoka milimani ikafika hadi karibu na pwani. Watoto wa Kimweri walipewa maeneo wakayatawale. Wabondei, watu wa bondeni kama jina lao linavyosema, wakawa chini yao. Kimweri alifariki mwaka 1862, na kama kawaida ya falme, maiti haijapoa watu wakaanza kugombea kiti. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei wakaona nafasi, wakainuka wakawatimua Wakilindi. Uasi ule uliitwa Kiva. Ukitaka habari zake kwa Kiswahili kitamu cha kizamani, mtafute Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho wamisionari wa Magila ndio waliokichapa. (Nashangaa mpaka leo kwa nini kitabu kile hakisomwi kwenye shule zote za sekondari za mkoa wa Tanga. Lakini hayo ni mengine.)

Kwa hiyo Kayamba anatoka katika ukoo wa watawala walioondolewa. Kumbukeni hilo, litarudi.

Wakati Wakilindi wanapigana wao kwa wao, Waanglikana wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyozaliwa baada ya wito wa Livingstone wa mwaka 1857, walikuwa wameshahamia Unguja tangu 1864. Kutoka pale wakavuka hadi Magila, kilomita chache kutoka Muheza ya leo. Wakajenga kanisa, wakafungua shule. Kule Unguja walikuwa na vituo viwili vinavyotuhusu. Kimoja ni Mbweni, shamba walilowapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Kingine ni Kiungani, chuo cha Mtakatifu Andrea.

Baba yake Martin, Hugh Peter Kayamba, alipita kwenye mikono ya misheni ile na akapelekwa kusoma Uingereza. Hebu fikiria: karne ya 19, kijana wa Kikilindi darasani Uingereza. Tukisikia leo "mtoto wa kigogo kasoma nje" tunadhani ni jambo la juzi. Martin alianza vitabu Magila, kisha akapelekwa Unguja hadi Kiungani.

Kiungani panataka tukae kidogo. Wanafunzi wake walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabondei, Wazigua. Wengine walikuwa watoto wa watumwa waliokombolewa kwenye majahazi, wengine watoto wa wakubwa kama huyu wetu. Walilala bweni moja, wakala sufuria moja. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na juu yake walipewa Kiingereza cha kutosha kuandika barua ya serikali. Mtu akitoka pale alikuwa na rafiki Masasi, rafiki Likoma, rafiki Korogwe. Alikuwa na kabila lake, ndiyo, lakini alikuwa na kitu kingine pia ambacho wakati ule hakikuwa na jina. Wengi tunafundishwa kwamba umoja wa Watanganyika uliletwa na TANU. Mimi naona mabweni ya shule za namna ile yalianza kazi hiyo nusu karne kabla, na hata wamisionari wenyewe sidhani kama walikusudia.

Baada ya shule alizunguka. Alifanya kazi Mombasa, akaenda Uganda, akarudi Unguja. Siku zile kijana anayejua Kiingereza upande wa Waingereza alikuwa na soko, na upande wa Wajerumani hakuwa na maana kubwa. Wajerumani walikuwa na utaratibu wao. Walikuwa na shule ya serikali Tanga, iliyowatoa makarani na maakida kwa mamia, na lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo vijana wa misheni ya Waingereza waliotoka Bonde wakawa wanavuka mpaka kutafuta maisha. Ndiyo, miaka zaidi ya mia iliyopita, kijana wa Muheza alikuwa anaenda Mombasa kutafuta ajira.

Kisha vita. Agosti 1914 Wazungu wakaanza kupigana kwao na ugomvi ukahamia kwetu. Kayamba vita ilimkuta upande wa Wajerumani, huku kwao Bonde. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuteremsha jeshi Tanga, wakapigwa vibaya na von Lettow-Vorbeck. Baada ya hapo kila aliyenusa Uingereza alikuwa mtuhumiwa. Mapadre Waafrika na walimu wa UMCA wakakamatwa. Kosa lao? Walisali kwa utaratibu wa Kiingereza na walijua kusoma barua za adui. Kayamba, aliyefanya kazi nchi za Waingereza, ndiye kabisa. Akafungwa Tabora.

Sijui mwenzangu unaonaje, lakini nadhani hapa ndipo palipoamua mengi yaliyofuata. Mtu anayekwenda jela na mnyororo kwa sababu anashukiwa kuwapenda Waingereza, akitoka humo atawaonaje Waingereza? Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na wafungwa wakatoka. Mwaka uliofuata Kayamba alikuwa karani katika ofisi ya wilaya Tanga, chini ya bendera mpya. Wale ambao leo wanamshangaa kwa nini aliuamini utawala wa Mwingereza kiasi kile, waanzie Tabora kwanza.

Waingereza walikuwa na tatizo. Wamerithi nchi ambayo makarani wake walifundishwa na Wajerumani. Wanahitaji watu wa Kiingereza, na njia rahisi ilikuwa kuleta makarani Wahindi. Ndivyo ofisi zilivyojaa. Mshahara ulikwenda kwa ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama kazi ni ileile na meza ni ileile. Kayamba akapanda ndani ya mfumo huo hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya Tanga, nafasi ambayo ilikuwa inaeleweka kuwa si ya Mwafrika. Akaiendesha ofisi na makarani Waafrika. Wakubwa wake wakaona inakwenda. Naomba tusilipuuze hili kwa sababu tu halina mabomu wala maandamano. Hoja kubwa ya ukoloni ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi, na pale Tanga kulikuwa na ofisi nzima inayosema anaweza.

Sasa tufike 1922. Mwaka huo Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Kwa Kiingereza jina lilikuwa refu, na kifupi chake ni TTACSA, kifupi kigumu kutamka kuliko chochote tulichokuja kubuni baadaye, na sisi kwa vifupi ni mabingwa. (Mwaka huohuo, Aprili, kule Butiama alizaliwa mtoto wa Mzee Nyerere Burito. Na Julai mwaka huohuo Shirikisho la Mataifa lilithibitisha Tanganyika kuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Huo udhamini tutaurudia, maana ndio kiini cha habari yote.)

Chama chenyewe kilikuwa nini? Kwa macho ya leo ungesema ni klabu. Walikuwa na timu ya mpira. Walikuwa na chumba cha kusomea magazeti. Walikuwa na madarasa ya jioni. Walipeleka serikalini malalamiko ya mishahara na masharti ya kazi, kwa barua za adabu, "ndimi mtumishi wako mtiifu" mwishoni. Hakuna aliyetaja uhuru.

Lakini tazama nani alikuwa ndani. Wakristo wa misheni na Waislamu waliotoka shule ya Mjerumani. Wabondei, Wazigua, Wayao, watu wa pwani, watu wa bara. Tanga ya wakati ule ilikuwa na kila sababu ya makundi hayo mawili, wa Kiungani na wa shule ya serikali, kuoneana gere: mmoja lugha yake ya kazi imepanda bei baada ya vita, mwingine wa kwake umeshuka. Badala yake wakakaa chumba kimoja wakasoma gazeti moja. Kilichowaunganisha hakikuwa dini wala kabila, kilikuwa ni kuwa Mwafrika mwenye kalamu anayelipwa nusu. Chama kikaenea kutoka Tanga hadi miji mingine ikiwamo Dar es Salaam. Mwaka 1929 hapo Dar likaundwa African Association, rais wake wa kwanza Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Hiki hakikuwa cha watumishi wa serikali peke yao, kilifungua mlango kwa Mwafrika yeyote, na ndicho kilichokuja kuwa TAA na kisha TANU. Siwezi kusema TTACSA ndiyo mama yake, lakini kuwaambia watu kwamba hawa ni ndugu si uongo.

Hapo katikati alikuja gavana Donald Cameron, mwaka 1925, na sera yake ya kutawala kupitia wenyeji. Maana yake ni kwamba serikali itafute machifu wa asili, iwarudishie viti, na wao ndio wakusanye kodi na kuamua kesi. Kule Usambara Wakilindi wakarudishwa Vugha mwaka 1926. Unaona utata uliomkuta Kayamba? Kwa damu ni wa ukoo uliorudishwa. Kwa kazi ni karani, tabaka ambalo sera hii iliona halina pa kukaa. Mwingereza wa aina ya Cameron alimpenda chifu kwa kuwa alimwona ndiye Mwafrika halisi, na alimtilia mashaka karani mwenye tai. Na kule Bonde kwenyewe Wakilindi walishakataliwa tangu Kiva. Hivyo kiti cha babu hakikuwepo tena cha kukalia. Kilichobaki ni kalamu.

Hata hivyo Cameron alimwona Kayamba kuwa mtu wa kutumainiwa, akamwingiza katika kamati ya kuishauri serikali juu ya elimu. Na sasa tunaingia kwenye London.

Tangu katikati ya miaka ya 1920 palikuwa na mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe kitu kimoja. Wenyewe waliuita muungano wa karibu zaidi. Masetla wa Kenya, chini ya watu kama Lord Delamere, waliuona kama njia ya kupanua himaya yao mpaka Mbeya na Iringa. Tume ya Hilton Young ilizunguka Afrika Mashariki na kutoa ripoti yake mwaka 1929. Mabishano hayakwisha, Bunge la Uingereza likaunda kamati ya pamoja ya mabunge yote mawili, Makabwela na Malodi, isikilize ushahidi. Safari hii wakasema hata Waafrika waitwe.

Mtu wa Tanganyika alikuwa na nini cha kuogopa? Aulize Kenya. Huko kulikuwa na kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kibati kama mbwa mwenye kengele. Kulikuwa na nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu. Kulikuwa na baraza la kutunga sheria ambamo setla anapiga meza. Tanganyika haikuwa peponi, tusidanganyane. Hapohapo Usambara na Bonde ardhi kubwa ilishachukuliwa tangu Mjerumani, reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na mashamba ya Wazungu yakafuata reli. Watu wa Lushoto wanajua mashamba ya kahawa ya Wajerumani yalivyopandwa. Lakini tofauti ilikuwepo, na ilisimama juu ya kitu kimoja cha kisheria: Tanganyika haikuwa koloni. Ilikuwa nchi ya udhamini na Uingereza ilipaswa kutoa hesabu Geneva kila mwaka. Ikichanganywa na Kenya, hesabu hiyo ingekuwa karatasi tu.

Ndipo wakaenda hao watatu: Makwaia, Lwamgira na Kayamba. Kutoka Kenya walikwenda Chifu Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Kutoka Buganda alikwenda Serwano Kulubya. Watanganyika wakaikataa ile hoja ya kuunganishwa. Hawakutaka nchi yao ifungwe pamoja na Kenya. Kumbuka hawa ni watu waliochaguliwa na serikali, si na wananchi. Kayamba ni mtumishi anayekula mshahara wa Mfalme. Na bado anakaa mbele ya malodi kwa Kiingereza cha Kiungani na kusema kile ambacho watu wa kwao wangesema.

Kuna jambo moja la mwaka huo ambalo huwa linanifikirisha sana. Kulikuwa na Waafrika wengine wawili London siku hizo, wametumwa na chama cha Wakikuyu cha KCA ili nao watoe ushahidi. Mmoja Parmenas Mockerie, mwingine Johnstone Kenyatta, yule aliyekuja kuwa Jomo. Kamati haikuwasikiliza. Hawakuletwa na serikali, kwa hiyo hawakuwepo. Kayamba yumo ndani, Kenyatta yuko mlangoni. Miaka 32 baadaye mmoja ni waziri mkuu wa Kenya na mwingine hata mtaa wa kwao hawamjui.

Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani, nilipomsimulia habari hii alikata kwa neno moja: kibaraka. Hoja yake si ya kutupwa. Kayamba alipokea nishani ya Mwingereza, MBE. Hakuwahi kudai uhuru. Alifikiri Mwafrika ataendelea kwa shule, adabu na uvumilivu chini ya usimamizi wa Mwingereza mwema. Ukiyasoma maandishi yake leo kuna mahali unataka kufunga kitabu. Pia hakuwahi kusimama mbele ya umati wa wakulima akawaomba kura au ada. Aliwasemea bila kuwauliza.

Mimi nampa alama zaidi ya hapo, na sababu yangu ni moja tu. Mwaka 1931 ile kamati ilitoa ripoti ikasema wakati wa muungano haujafika. Si ushahidi wa Kayamba peke yake uliofanya hivyo. Cameron mwenyewe aliupinga mpango, Wahindi wa Afrika Mashariki waliupinga, Geneva walikuwa wanaangalia kwa jicho kali, na uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, hakuna aliyetaka gharama mpya. Lakini matokeo ni kwamba Tanganyika ilibaki peke yake na udhamini wake. Baada ya vita ya pili udhamini ule ukahamia Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa ukawa unatuma ujumbe kuja kukagua, na ujumbe wa mwaka 1954 ukapendekeza ratiba ya kujitawala. Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York kama mtu anayetoka nchi yenye haki ya kusikilizwa. Kenyatta wakati huo alikuwa gerezani Lokitaung. Koloni halikuwa na Baraza la Udhamini la kulikimbilia. Uhuru wetu wa 1961, bila vita, ulipita kwenye mlango huo wa kisheria, na mwaka 1931 mlango ule ulikaribia kupigwa kufuli.

Nyerere naye angalieni alikotoka. Mwaka 1953 akiwa mwalimu Pugu anachaguliwa rais wa TAA, na mwaka huohuo serikali inatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiingiza katika vyama vya siasa. Chama cha Kayamba kilikuwa cha watumishi tu, na waraka kama huo ungekimaliza siku hiyohiyo. TANU ilibidi iwatafute wasio na kazi ya serikali: wafanyabiashara wadogo, kina mama kama Bibi Titi, wakulima, madereva. Makarani wengi walitoa michango yao usiku usiku. Nyerere mwenyewe alipotakiwa kuchagua kati ya chaki na siasa, mwaka 1955, aliacha chaki. Hapo ndipo ulipo umbali kati ya watu hawa wawili, na si wa akili. Kizazi cha Kayamba kiliamini kwamba ukikaa ndani ya ofisi ukafanya kazi vizuri kuliko wanavyotegemea, mlango utafunguka wenyewe.

Na kwake ulifunguka, kidogo. Mwaka 1932, aliporudi kutoka Ulaya, alihamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam akapewa cheo cha juu kuliko alichokuwa amekipata Mwafrika yeyote katika utumishi wa Tanganyika hadi siku hiyo. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake cha Kiswahili cha safari, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Ni kitabu cha mtu mwenye macho ya mwandishi wa habari. Wazungu walikuwa wamezoea kuja kwetu, kututazama na kwenda kutuandika. Huyu alikwenda kwao, akawatazama, akarudi kuwaandika kwa Kiswahili ili wasomaji wa Tanga na Bukoba wajue mtu mweupe anaishije kwake. Kwangu hicho ni kitendo cha kisiasa kuliko barua zote za TTACSA.

Lakini baada yake hakufuata mwingine. Cheo kilikuwa cha mtu mmoja. Mwafrika mmoja ndani ya jengo la Wazungu, mafaili yanapita mbele yake, uamuzi unafanywa chumba kingine. Chama alichokianzisha Tanga nacho kikapoa huku African Association ikiendelea bila yeye. Serikali ilimpandisha cheo na kwa kufanya hivyo ikamtoa kwa watu wake. Kama ilikusudia hivyo au la, matokeo ni yaleyale, na sisi tulio kwenye magazeti tumeshuhudia mara ngapi mkosoaji akiteuliwa halafu kimya?

Mwaka 1936 Margery Perham wa Oxford alitoa kitabu cha maisha ya Waafrika kumi, Ten Africans. Kayamba yumo, kwa jina kamili la Martin Kayamba Mdumi wa kabila la Wabondei, akisimulia mwenyewe. Na kurasa chache kando yake yumo Parmenas Mockerie, yule aliyefungiwa mlango London mwaka 1931. Kitabuni angalau walipewa nafasi sawa.

Vitabu vyake viwili vya Kiingereza, kimoja cha safari ya Ulaya na kingine cha matatizo ya Waafrika, vilichapwa mwaka 1948, naye alikwisha kufariki. Mwaka huohuo, 1948, Waingereza walianzisha Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, kuendesha reli, posta na mengineyo ya nchi zote tatu. Yaani kile kilichokataliwa 1931 kikaingia nusu yake kwa mlango wa nyuma. Na mwaka huo African Association ikaanza kuitwa Tanganyika African Association, na ujumbe wa kwanza wa Umoja wa Mataifa ukawasili nchini kusikiliza wenyeji wanasemaje.